Diski mbili, Windows 11 na Linux Mint: butiloda niiweke wapi?

Mwalimu wa Hesabu

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada wenu kabla sijabonyeza kitufe cha kusakinisha, kwa kuwa najua baada ya hapo hakuna kurudi nyuma kirahisi.

Nina kompyuta mpakato yenye nafasi mbili za diski. Diski ya kwanza ni NVMe ya GB 512, na ndiyo yenye Windows 11 ambayo nyumbani kwangu inatumiwa na watu wote. Ya pili ni SSD ya SATA ya GB 240 ambayo nimeinunua kwa ajili ya Linux Mint 22 peke yake. Nimeandaa flashi, nimewasha kompyuta kwa flashi hiyo, na katika hali ya majaribio kila kitu kinafanya kazi, Wi-Fi na sauti pamoja. Nilipofungua kisakinishi nikachagua kupanga sehemu za diski kwa mkono, nikakuta chini kabisa ya dirisha kisanduku kinachouliza butiloda, yaani programu inayoanzisha mfumo endeshi, iwekwe kwenye kifaa gani. Ndani ya orodha yake kuna /dev/nvme0n1, kuna /dev/nvme0n1p1 iliyoandikwa pembeni "Windows Boot Manager", kuna /dev/sda, na kuna hata /dev/sdb ambayo ni flashi yenyewe.

Maelekezo niliyoyasoma yanapingana. Mmoja anasema lazima uchague diski nzima bila namba, mwingine anasema uchague sehemu ya EFI, na wa tatu anasema uchague sehemu ileile utakayoiwekea Linux ili usiiguse Windows. Lengo langu ni kwamba diski hizi zisitegemeane: nikichomoa SSD, Windows iendelee kuwaka kama kawaida, na ikiwezekana SSD hiyo niweze kuipachika kwenye kompyuta nyingine nayo ikawaka. Je, nichague nini katika kisanduku kile? Na je, ni lazima nizime Secure Boot, ile kinga inayokataa butiloda isiyo na saini inayoaminika?

Kisiki cha Mpingo

Mwalimu, salaam. Umefanya vyema kuuliza mapema. Hao watu watatu uliowasoma wote wana ukweli wao, ila kila mmoja anazungumzia mashine ya zama tofauti, na wasomaji wengi hawaambiwi hivyo.

Katika kompyuta za zamani, zile za BIOS, programu dhibiti ya ubao mama haijui lolote kuhusu mafaili. Inasoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na kuiendesha. Kati ya hizo, baiti 64 ni jedwali la sehemu za diski, mbili za mwisho ni alama ya uthibitisho, na nafasi inayobaki kwa butiloda ni baiti 446 tu. GRUB, butiloda ya Linux, haiwezi kuenea humo, kwa hiyo huacha kipande kidogo katika sekta ya kwanza, kisha hujibanza katika nafasi tupu iliyopo kabla ya sehemu ya kwanza ya diski. Ndiyo maana enzi hizo jibu sahihi lilikuwa /dev/sda bila namba. Yule anayesema uiweke ndani ya sehemu ya Linux naye anatoka zama hizohizo, pale watu walipotaka butiloda nyingine iite GRUB kutoka humo, na hata wakati huo GRUB 2 yenyewe ilikuwa ikilalamika inapowekwa namna hiyo.

UEFI, mrithi wa BIOS, imebadilisha mpangilio wote. Programu dhibiti yake inaweza kusoma mfumo wa mafaili wa FAT, kwa hiyo butiloda ni faili la kawaida lililokaa ndani ya sehemu maalumu ya diski, yaani sehemu ya EFI. Ile ya Windows iko katika \EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi, na ile ya Mint itakaa katika \EFI\ubuntu\shimx64.efi. Usishangae kuona jina la Ubuntu: Mint inatumia GRUB iliyotiwa saini na Ubuntu, na GRUB hiyo imeundwa ikijua kutafuta mipangilio yake katika folda hiyo. Ubao mama nao unatunza ndani ya kumbukumbu yake orodha ya mafaili ya namna hii, pamoja na mpangilio wa lipi lijaribiwe kwanza. Mifumo miwili inaweza kukaa katika sehemu moja ya EFI bila kugombana, ilimradi folda zao zina majina tofauti.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhakikisha flashi yako imewaka katika hali ya UEFI. Fungua terminali ukiwa katika hali ya majaribio, andika `ls /sys/firmware/efi`. Ukiona orodha ya mafaili, uko sawa. Ukiambiwa folda haipo, basi flashi imewaka katika hali ya BIOS, na hapo ukisakinisha utapata Linux iliyowekwa kwa njia ya kale kando ya Windows ya UEFI, mifumo miwili isiyoonana katika menyu moja. Mashine nyingi huionyesha flashi mara mbili katika menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia, na ule mstari wenye neno UEFI mbele yake ndio unaoutaka.

Hatua ya pili: kwa lengo lako la diski zisizotegemeana, SSD lazima iwe na sehemu yake yenyewe ya EFI. Hakikisha kwanza kwamba jedwali la sehemu za SSD ni la GPT, ule mtindo mpya, kisha katika ukurasa wa kupanga diski tengeneza juu ya /dev/sda sehemu ya kwanza ya MB 512 na uiteue kuwa "EFI System Partition". Nafasi inayobaki ipe Linux kama ext4 yenye `/`. Halafu katika kisanduku cha chini chagua /dev/sda1, au hata /dev/sda.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Kisakinishi hiki, kinachoitwa Ubiquity, kina kasoro ya siku nyingi: kikiwa katika hali ya UEFI hakitii unachochagua katika kisanduku kile. Kinachukua sehemu ya EFI ya kwanza kuikuta, na kwako hiyo ni nvme0n1p1 ya Windows. Hakitaondoa kitu cha Windows, kitaongeza folda yake tu, lakini lengo lako litakuwa limeharibika bila wewe kujua, kwa sababu kila kitu kitaonekana kimekwenda vizuri hadi siku utakapochomoa mojawapo ya diski.

Kuna njia tatu za kukwepa jambo hili. Wapo wanaofungua kompyuta na kuichomoa NVMe kwa muda. Hiyo ndiyo njia salama kuliko zote kama una bisibisi na mkono mtulivu. Njia ya pili ni kufungua GParted, programu ya kupanga sehemu za diski, kabla ya kusakinisha, kuondoa alama za `boot` na `esp` kwenye nvme0n1p1, kusakinisha, kisha kuzirudisha alama hizo kabla ya kuwasha upya. Kufanya hivyo kunabadilisha aina ya sehemu iliyoandikwa katika jedwali la GPT, yaliyomo hayaguswi, ila usisahau kuzirudisha. Ya tatu ni kukiacha kisakinishi kifanye kinavyotaka, kisha kuihamisha butiloda baadaye ukiwa ndani ya Mint. Mimi napendelea hii ya tatu kwa mtu mwenye subira, kwa sababu inamlazimu kukagua kazi badala ya kuamini.

Binti Pangani

Shikamoo Mwalimu. Kaka Kisiki amelieleza vizuri suala la mahali pa kuweka butiloda. Mimi nitajibu la Secure Boot, na nitaongeza jambo moja ambalo kwa maoni yangu lina hatari kubwa kuliko butiloda yenyewe.

Si lazima uzime Secure Boot. Lile faili la shimx64.efi lipo kwa kazi hiyo hasa: limetiwa saini na Microsoft, ubao mama unalikubali, nalo linaikagua GRUB kwa ufunguo wa Ubuntu, kisha GRUB inakagua kiini cha Linux. Utakachohitaji ni flashi yenye toleo jipya. Mwezi Agosti 2024 sasisho la Windows lilipandisha kiwango cha chini cha matoleo ya shim yanayokubalika, na watu wengi wenye mifumo miwili waliwasha mashine zao wakakuta maneno "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation". Mifumo yao haikuwa imeharibika, ila shim waliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Basi ukipakua Mint, chukua toleo la karibuni kabisa katika mfululizo wa 22, usitumie flashi uliyoazimwa na rafiki mwaka juzi.

Jambo lenyewe la hatari ni BitLocker. Kompyuta nyingi zinazokuja na Windows 11 zina usimbaji fiche wa diski uliowashwa tangu mwanzo bila mwenyewe kuarifiwa kwa sauti kubwa. Ufunguo wake umehifadhiwa katika chipu ya TPM, na chipu hiyo huutoa pale tu inapoona kompyuta imewaka kwa njia ileile iliyozoeleka. Ukizima Secure Boot, au ukiiwasha Windows kupitia GRUB badala ya moja kwa moja, TPM inaweza kukataa, na Windows ikakuomba ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Asiye nao atazikosa picha na nyaraka zote za familia. Kwa hiyo kabla ya yote, ndani ya Windows fungua terminali kama msimamizi na uandike `manage-bde -status`. Ukiona diski C imesimbwa, ingia katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa kompyuta, unakili zile tarakimu kwenye karatasi, uhakikishe pia kwamba namba ya utambulisho wa ufunguo inalingana na ile ya mashine yako. Baada ya hapo unaweza kusimamisha ulinzi kwa muda kwa amri `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0` na kuurudisha kazi ikiisha.

Zima pia kile kipengele cha Windows cha kuwaka haraka. Kikiwa kimewashwa, unapobofya kuzima kompyuta Windows haizimiki kikamilifu, inalala huku ikikumbuka hali ya diski zake, na wewe ukienda kubadilisha mambo ukiwa Linux inaweza kuamka na kumbukumbu isiyolingana na kilichopo. Amri `powercfg /h off` inatosha.

Na tafadhali, chaji betri ijae kwanza. Sehemu ya EFI ni FAT, haina kumbukumbu ya mabadiliko ya kuirudisha katika hali nzuri, kwa hiyo umeme ukikatika wakati faili linaandikwa humo unaweza kubaki na nusu ya butiloda.

Mtaa wa Pili

Naomba kudandia hoja hii. Mimi kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, BIOS tupu isiyo na UEFI, na nimeweka diski mpya yenye GPT. Kisakinishi kinagoma mwishoni kwamba GRUB imeshindwa kusakinishwa. Nifanyeje?

Kisiki cha Mpingo

Ndugu wa Mtaa wa Pili, GPT inaitumia ile nafasi tupu ya mwanzo wa diski kwa jedwali lake lenyewe, kwa hiyo GRUB haina pa kujibanza. Tengeneza sehemu ya MB 1, usiipe mfumo wowote wa mafaili, na katika GParted iwekee alama ya `bios_grub`. Kisha sakinisha tena ukichagua /dev/sda bila namba. Kwako jibu la kale ndilo sahihi. Kama diski haizidi TB 2 na huhitaji zaidi ya sehemu nne za msingi, unaweza pia kurudi kwenye jedwali la zamani la MBR na ukaepuka suala hili zima, ila kufanya hivyo kutaondoa kila kilichomo.

Mwalimu wa Hesabu

Binti Pangani, marahaba. Nawashukuru nyote. Nimefuata njia ya tatu ya Kisiki, na ninaeleza hapa nilichokiona ili mwenye mashine kama yangu alinganishe.

BitLocker kweli ilikuwa imewashwa, wala nyumbani hakuna aliyejua. Ufunguo nimeupata na kuuandika kwenye karatasi. Flashi iliwaka katika hali ya UEFI, nikatengeneza /dev/sda1 ya MB 512, nikachagua hiyo hiyo katika kisanduku cha chini, na usakinishaji ukaisha bila malalamiko yoyote. Baada ya kuingia ndani ya Mint niliandika `efibootmgr -v` na kupata mistari ifuatayo, ambayo nimeifupisha:

`Boot0000* Windows Boot Manager HD(1,GPT,5e07…)/File(\EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi)`
`Boot0002* ubuntu HD(1,GPT,5e07…)/File(\EFI\ubuntu\shimx64.efi)`

Nilipoandika `lsblk -o NAME,SIZE,PARTUUID,MOUNTPOINT` nikaona kwamba 5e07 ni utambulisho wa nvme0n1p1, na sda1 ina utambulisho mwingine kabisa unaoanza na 9c41. Yaani mistari yote miwili inaelekeza kwenye diski ya Windows, na sehemu niliyoitengeneza kwenye SSD iko tupu. Kisiki alisema kweli. Sasa naomba hatua za kuihamisha. Pia naomba kujua kwa nini menyu ya GRUB haikuonekana kabisa, kompyuta iliingia Mint moja kwa moja.

Kisiki cha Mpingo

Hongera kwa kulinganisha utambulisho wa sehemu. Watu wengi wanaishia kusoma jina "ubuntu" na kuridhika.

Kuhamisha si kazi ndefu. Ukiwa ndani ya Mint, andika `sudo umount /boot/efi`, kisha `sudo mount /dev/sda1 /boot/efi`. Sasa `sudo blkid /dev/sda1` itakupa UUID fupi ya FAT, yenye herufi na tarakimu nane zilizotenganishwa na kistari katikati. Fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha sehemu za diski zinazopachikwa kompyuta inapowaka, tafuta mstari wa /boot/efi, weka UUID hiyo mpya mahali pa ile ya zamani. Usiruke hatua hii ukidhani ni ya mapambo, kwa sababu kila GRUB itakaposasishwa siku zijazo, mafaili mapya yataandikwa kwenye sehemu ile iliyopachikwa katika /boot/efi, na ukiacha mstari wa zamani masasisho yataendelea kwenda kwenye diski ya Windows huku SSD ikibaki na butiloda iliyochakaa.

Baada ya hapo endesha `sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi`, ikifuatiwa na `sudo update-grub`. Angalia tena `efibootmgr -v`: mstari wa ubuntu sasa unapaswa kuonyesha 9c41. Kama mstari wa zamani wenye 5e07 bado upo, ufute kwa namba yake, kwa mfano `sudo efibootmgr -b 0002 -B`, lakini soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza, usije ukafuta Boot0000. Ile folda ya ubuntu iliyobaki ndani ya nvme0n1p1 unaweza kuiondoa baadaye, ukishajiridhisha kwamba mifumo yote miwili inawaka. Haina haraka, inachukua megabaiti chache tu.

Kuhusu SSD kuwaka kwenye kompyuta nyingine: ile orodha ya mistari ya Boot iko katika ubao mama wako, haisafiri na diski. Mashine ngeni haitajua chochote kuhusu \EFI\ubuntu. Itakachotafuta ni njia moja ya akiba iliyokubaliwa katika kanuni za UEFI, yaani \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Angalia kama faili hilo lipo ndani ya /boot/efi. Kama halipo, rudia amri ya grub-install ukiongeza `--removable` mwishoni.

Menyu haikuonekana kwa sababu GRUB ilijiona peke yake. Kwa chaguomsingi menyu hufichwa pale unapokuwepo mfumo mmoja tu, na tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021 GRUB imeacha kupekua mifumo mingine kwa sababu za usalama, isipokuwa usambazaji wenyewe wa Linux uwe umeurudisha upekuzi huo. Katika /etc/default/grub weka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=10`, kisha `sudo update-grub`. Ukiona maneno "Found Windows Boot Manager" yakipita kwenye skrini, imekubali.

Binti Pangani

Mwalimu, kwa kuwa BitLocker imewashwa, mimi nisingeiweka Windows katika menyu ya GRUB. Ikiwashwa kupitia huko kuna siku itaomba zile tarakimu 48, na huenda ikawa siku ambayo wewe haupo nyumbani. Acha Windows iwe ya kwanza katika mpangilio wa ubao mama ili familia isione tofauti yoyote, nawe ukitaka Mint bonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia: kwa Dell na Lenovo ni F12, kwa HP ni Esc kisha F9. Kama unapendelea kinyume chake, amri ni `sudo efibootmgr -o 0002,0000`, Mint kwanza na Windows baadaye, ukibadilisha namba ziendane na zako. Baadhi ya masasisho makubwa ya Windows hujirudisha juu ya orodha. Amri hiyohiyo itakurekebishia, na Mint utaingia kwa kitufe kama kawaida ili kuiandika.

Mwalimu wa Hesabu

Nimehamisha. Mstari wa ubuntu unaonyesha 9c41, faili la BOOTX64.EFI lilikuwa limekwishawekwa, na nimeichomoa SSD nikaona Windows inawaka bila kuulizia ufunguo. Ulinzi wa BitLocker nimeurudisha kwa `manage-bde -protectors -enable C:`. Nimefuata ushauri wa Binti Pangani, nimeiacha Windows iwe ya kwanza. Folda iliyobaki kwenye NVMe nitaiondoa wakati wa likizo.